Shahidi Asiyejua Salamu

Simu yangu iliniita mwongo kabla sijamaliza chai.

Bwana Chaula, mkurugenzi wa Wakala wa Uthibitisho, alikuwa amepiga kuuliza niko wapi. Nikamjibu kama ambavyo mtu yeyote wa Mbeya angemjibu: "Niko njiani, nakaribia." Nilikuwa jikoni, nimejifunga khanga, kikombe mkononi. Simu ikatetemeka, kioo kikawa chekundu, na ile sauti ya kike niliyoichagua mwenyewe miaka ile, nikiiona ya upole, ikatutangazia sote wawili: "Kauli haiafikiani na mwendo."

"Nimesikia, Dokta Sekela," Chaula akasema, bila hata kukasirika. "Maliza chai, uje."

Ndiyo maisha yetu siku hizi. Zamani mtu akikwambia yuko njiani ulijua hajavaa hata viatu, ukaendelea na shughuli zako, na hakuna aliyeumia. Ilikuwa namna ya kusema nimekusikia, sijakusahau, nitajitahidi. Sasa kuna Shahidi ndani ya kila simu, na Shahidi hataki kujua umemaanisha nini. Anasikiliza ulichosema, anapima mwili wako unafanya nini, kisha anatoa kijani au nyekundu. Nyekundu za jikoni hazina madhara, ni aibu tu. Nyekundu inayofika mbele ya Baraza la Uadilifu ndiyo inayomtoa mtu kazini, na mojawapo ya hizo ndiyo iliyonitoa nyumbani asubuhi ile.

Na Shahidi ni wangu. Sitaki kujikausha kana kwamba alishuka kutoka mbinguni. Kazi hii nilianza kwa kuzishuku simu. Uzamivu wangu wote ulihusu kile kijidude kinachopima mtikisiko, kinachofanya picha igeuke ukiilaza simu. Hakuna anayekiombea ruhusa, maana hakuna anayekumbuka kuwa kipo. Nilionyesha kwamba kinaweza kukisia namba ya siri unayobonyeza, kwa jinsi simu inavyotikisika chini ya kidole. Watu wakashtuka, nikaalikwa mikutano ya mbali, nikaitwa mtaalamu wa usalama. Baadaye nikaligeuza swali. Kama simu inaweza kumwibia mtu siri yake kwa mtikisiko tu, kwa nini isimlinde?

Mnawakumbuka matapeli wa wakati ule. Mtu amekaa chini ya feni anakunywa soda, anakupigia akilia kwamba yuko hospitali, mwanao kavunjika mguu, tuma hela haraka. Nikasema, huyu mwili wake hauko hospitali. Mapigo ya moyo wake yametulia, simu haitembei, hata mwangwi wa chumba si wa wodi. Simu yake yenyewe inajua anadanganya. Tukaipa ruhusa iseme. Matapeli wakaisha mwaka uleule, mimi nikapewa uhadhiri mwandamizi, na wakubwa wakaanza kujiuliza ni wapi pengine Shahidi anaweza kutumika. Kila nilipokohoa nikaambiwa nisubiri zamu yangu ya kuongea.

*

Ofisini kwa Chaula nilikuta kiti kimeshavutwa. Chaula ni mtu nadhifu, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani asiyemfahamu. Simu yake haijawahi kumpiga nyekundu, kwa sababu simu za watumishi wa ngazi yake zimeondolewa hukumu kwa sababu za kiusalama. Akanichezea sauti iliyorekodiwa.

Ilikuwa wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya. Mwanamke alikuwa akigumia. Mwanamke mwingine, mtu mzima, akauliza: "Mwanangu, unatuacha?" Kisha sauti ya kijana, ikihema: "Nakuja, mama." Halafu hatua za mtu anayekimbia, zikififia.

"Muuguzi Ambakisye," Chaula akasema. "Mgonjwa aliitwa Itika. Alijifungua salama, akavuja damu, akafariki. Huyo anayeuliza ni mama yake. Shahidi amesoma hivi: kauli, anakuja. Mwendo, anaondoka. Kusudio la kudanganya, kubwa. Mgonjwa ametelekezwa kwa makusudi. Hukumu ikithibitishwa leo, hatashika tena bomba la sindano maishani mwake, na faili linakwenda polisi."

"Alikuwa anakwenda kuchukua damu."

"Inawezekana."

"Si inawezekana, ndivyo ilivyo! Na akarudi nayo. Mtikisiko wa simu yake unaonyesha."

"Kurudi kwake kumerekodiwa kama tukio jingine," akasema Chaula. "Shahidi hahukumu matendo, Dokta. Anahukumu kauli. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nikahesabu pumzi. "Bwana Chaula, ukiinuka mezani kwenda chooni, unawaambiaje wenzako?"

"Nawaambia nakuja."

"Na unakuja?"

"Nakwenda chooni."

"Sasa?"

"Mimi sijashtakiwa," akasema, na nikaona kwamba hakuwa anatania.

Kosa lenyewe nalijua lilikoingia. Waliopewa kazi ya kuifundisha mashine maana za maneno walikaa na kamusi, tena kamusi nzuri tu. Kamusi inasema kuja ni kusogea kuelekea aliko anayesema au anayeambiwa. Haisemi kwamba sisi tukiaga tunasema nakuja, kwamba kumwambia mtu "naondoka" na kumgeuzia mgongo ni ukatili mdogo. Nililipigia kelele jambo hilo kwenye vikao mpaka wakanibatiza Mama Misamiati. Mmoja aliniuliza, mbele ya watu, kama nataka mashine ijifunze na mafumbo ya taarabu.

"Tumekuelewa, ingawa tumechelewa," Chaula akaendelea. "Kuna sasisho. Kuanzia leo neno nakuja limesamehewa. Kesi itapimwa upya palepale barazani, kijana atapata kijani, atarudi kazini kesho. Tunahitaji muhuri wako tu."

Muhuri maana yake ni ufunguo wangu. Kila hukumu ya Shahidi hutiwa saini ya kidijitali, ili asitokee mjanja akatengeneza kijani chake bandia, na ufunguo wa saini hizo uko kwenye simu yangu na si pengine. Hilo nililitaka mimi, siku ambazo bado nilikuwa naaminiwa.

"Muhuri kwamba sasisho ni sahihi?"

"Kwamba sasisho ni sahihi, na kwamba hukumu nyingine zote zilizotolewa hadi leo ni sahihi. Hatuwezi kurekebisha neno moja watu wakadhani nyumba nzima inavuja."

"Nyumba nzima inavuja!"

"Dokta," Chaula akasema, akinisogezea maji ambayo sikuyaomba. "Kijana ana baraza saa hii. Ukitaka kujadili nyumba, yeye atasubiri nje kwenye mvua. Ni uamuzi wako."

Nimewahi kukaa na wadukuzi waliofungwa, nikajifunza kutoka kwao. Hakuna aliyewahi kunibana vizuri namna ile.

*

Ambakisye alikuwa kwenye korido ya baraza, amesimama ingawa benchi lilikuwa tupu. Suruali ilikuwa imemlegea kiunoni kama mtu aliyetoka kuugua. Aliponiona alinisogelea haraka.

"Shikamoo Dokta. Nimesikia kuna sasisho."

"Marahaba. Umesikia wapi?"

"Hapa hakuna siri. Karani kaniambia ni wewe tu na muhuri wako." Akashusha sauti. "Naomba uweke."

Nikamweleza. Nilimweleza harakaharaka na vibaya, kama mwalimu aliyechoka, kwamba muhuri ule unasafisha jina lake na wakati huohuo unafunga mlango kwa wengine wote waliopigwa nyekundu bila kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wauguzi wamezoea kusikiliza watu wasiofika kwenye hoja.

"Dokta, chumba cha damu kiko ng'ambo ya uwanja," akasema. "Mwenye funguo alikuwa ametoka. Nimemtafuta nikiwa nakimbia. Muda wote huo naambiwa nilikuwa nadanganya. Sasa ningemwambiaje yule mama? Naondoka? Mwanawe anavuja damu mbele yake, mimi nimwambie naondoka?"

Akafuta uso kwa kiganja.

"Hao wengine utawapigania mimi nikiwa wodini. Mimi siwezi kuwasubiri. Mke wangu ameacha hata kwenda sokoni, watu wananyamaza akipita. Weka tu, Dokta. Tafadhali."

"Nitaweka," nikasema.

Simu yangu ikalia taratibu mfukoni, kijani. Nilikuwa namaanisha kweli.

*

Ukumbi ulikuwa wa baridi. Meza ndefu, watu watano wa baraza, katikati yao Mwenyekiti, Mzee Halinga, mwenye masikio makubwa na adabu za zamani. Chaula alikaa pembeni na kishikwambi chake tayari kwa muhuri. Mimi nilikaa karibu naye. Ambakisye alikuwa nyuma yangu.

Katikati ya kikao Mzee Halinga alinong'onezwa jambo na mhudumu. Akainuka, akatuinulia mkono. "Samahani kidogo, nakuja," akasema, akatoka nje kupokea simu. Hakuna kioo kilichogeuka rangi. Simu za baraza nazo zimesamehewa. Nilimtazama Chaula, Chaula akatazama dari.

Aliporudi, akasema kwamba kabla ya kupima upya kesi ni lazima kumsikiliza aliyeambiwa. Sheria ndogo bado ina kifungu kimoja chenye ubinadamu: aliyeambiwa neno ndiye pekee anayeweza kusema kama alidanganywa. Karani akaita jina, akaingia mama wa makamo, amefunga mtoto mchanga mgongoni kwa kitenge. Wote walimwita Mama Itika. Nadhani hakuna aliyejua jina lake jingine.

"Shika simu, mama," karani akasema. Ndicho kiapo chetu sasa. Mama Itika akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa kitu cha watu, anaogopa asije akakivunja.

Mzee Halinga akamwinamia kidogo. "Karibu sana, mama yangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, baba."

Kioo kikawa chekundu. "Kauli haiafikiani na hali ya mwili," ikasema ile sauti yangu ya upole.

Mama Itika alishtuka, akaiangalia simu, akamwangalia karani. "Nzuri tu," akarudia, polepole zaidi, akidhani hajasikika, "ila ndiyo hivyo, tumefiwa."

Nyekundu tena.

Jamani. Ni nani kati yetu hajawahi kujibu hivyo? Umetoka kuzika, matope ya kaburini hayajakauka kwenye viatu, mtu anakuuliza habari, unasema nzuri. Kwanza unampa amani, halafu ndipo unampa habari. Mikono ya yule mama ilikuwa inatetemeka na moyo wake unakimbia, na kwa mashine niliyoitengeneza mimi hiyo ilikuwa dalili ya udanganyifu, kama matapeli wale wale.

"Nyekundu mbili kabla ya ushahidi," karani akasoma, hana ubaya wowote, anasoma tu. "Ushahidi wa mama huyu haupokelewi. Amesema uongo ameshika simu, hivyo jina lake linaingia kwenye orodha ya waongo. Maombi yake ya kumlea mjukuu yanarudi ustawi wa jamii, kwa kuwa aliyeko kwenye orodha hawezi kuwa mlezi."

"Kwani nimesema nini?" Mama Itika akauliza. "Mzee kanisalimia, nimeitika." Mkono wake mmoja ulikuwa umeshakwenda nyuma, kumshika mtoto.

Nikajikuta nimesimama. "Mwenyekiti, hiyo ni salamu!"

"Dokta, siyo ajenda," Chaula akasema.

"Hilo nalo linaweza kurekebishwa?" Mzee Halinga akamuuliza. Uso wake ulikuwa umeingiwa na mashaka, na ninamshukuru kwa hilo.

"Toleo lijalo, Mwenyekiti. Bila shaka."

Toleo lijalo! Leo nakuja, toleo lijalo nzuri. Halafu itafika zamu ya mgeni anayesema ameshakula kwa sababu ameona sufuria ya mwenyeji ni ndogo. Kisha yule anayesema hapana, hujanisumbua. Kila neno letu la huruma litapata sasisho lake baada ya kumvunja mtu mmoja kwanza, na kila safari ataletwa mtaalamu kutia muhuri kwamba mengine yote yako sawa. Nilichoka, lakini si kwa kazi. Nilichoka kwa kuelewa.

Chaula akanisogezea kishikwambi. "Tumalize hili la kijana, Dokta. Weka."

"Weka, Dokta," Ambakisye akanong'ona nyuma yangu. "Uliniahidi."

Niliahidi. Nikiweka muhuri, anatoka mlango ule mtu huru, na yule bibi anatoka mwongo, mikono mitupu. Nisipoweka, nyekundu ya Ambakisye inabaki kama ilivyo. Ila kulikuwa na amri ya tatu, ambayo haikuwahi kutumika. Mwenye ufunguo anaweza kuubatilisha. Ukibatilishwa, kila hukumu uliyowahi kuitia saini inakosa mwenyewe, ya kijani na ya nyekundu, na hakuna baraza linaloweza kuisoma mpaka itafutwe njia nyingine. Matapeli wangerudi. Kazi yangu yote ingebaki hadithi. Na Ambakisye angebaki bila kijani alichoahidiwa, mikononi mwa watu watano na kumbukumbu ya mama aliyefiwa.

Nikatoa simu yangu, nikaifungua amri hiyo.

"Unafanya nini?" Chaula akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

Kubatilisha kuna kinga yake, tuliyoiweka ili mtu asije akanishikia bastola akanilazimisha. Kabla ya kutekeleza, simu inanijulia hali na kunisoma. Nikijibu tofauti na ninavyojisikia, inaelewa kwamba nimetekwa, inakataa.

"Hujambo, Sekela?" ikauliza.

"Sijambo," nikasema.

Nyekundu. "Dalili za kulazimishwa. Ombi limekataliwa. Umebakiwa na jaribio moja."

Mtu mmoja alicheka kule nyuma. Chaula aliegemea kiti chake, akapangusa paji la uso. Mimi nilibaki nimeduwaa na simu mkononi. Mtaalamu mzima, aliyeandika kinga ile kwa vidole vyake, nimenaswa na adabu niliyofundishwa kabla sijajua kutembea. Tangu nizaliwe sijawahi kumjibu mtu salamu kwa ukweli. Sikujua hata inaanzaje.

"Dokta, usifanye," Ambakisye akasema kwa sauti. "Nakuomba."

"Hujambo, Sekela?"

Ilinilazimu kufumba macho ili niweze kuwa mkosa adabu.

"Nina hali mbaya," nikasema. "Nimechoka. Nina hasira na watu waliomo humu, na mimi nikiwemo. Naogopa kwamba namharibia maisha kijana aliye nyuma yangu, aliyeniamini. Lakini hakuna aliyenilazimisha."

"Pole, mwanangu," akasema Mama Itika.

Simu ikawa kijani. Kisha vioo vyote pale mezani vikawa vya kijivu, kimoja baada ya kingine, na karani akaanza kubonyezabonyeza chake bila mafanikio.

Chaula aliinuka. Aliniambia nimejifukuza kazi mwenyewe, na kwamba nitajibu mashtaka, na mengine ambayo sikuyasikia vizuri. Nikamwambia najua. Niligeuka kumtafuta Ambakisye kwa macho, lakini alikuwa ameinamisha kichwa na hakutaka kunitazama. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningenitukana.

"Sasa tunafanyaje?" mjumbe mmoja akauliza. "Tunaamua kwa kitu gani?"

Karani akasema hukumu zote hazisomeki, ya muuguzi na ya mama huyu. Kilichobaki ni kile kifungu tu, kwamba aliyeambiwa ndiye anayejua. Walitazamana pale mezani kama watu waliozimikiwa umeme, wasiokumbuka kibiriti kiliwekwa wapi.

Mzee Halinga akavua miwani.

"Mama, tuwie radhi. Weka hiyo simu chini. Hebu tueleze wewe. Huyu kijana alikwambia nini?"

Mama Itika akaiweka simu mezani. Akaikaza kwanza mbeleko, mtoto alikuwa ameanza kuteleza. Halafu akageuka, akamtazama Ambakisye.

"Aliniambia nakuja."

"Ikawaje?"

"Akaja. Alikuja mbio, damu kaikumbatia hivi." Akaonyesha kwa mikono yake yote miwili. "Aliyeondoka ni mwanangu."